Kilomita zisiwe deni la mtoto

BARUA KWA SHANGAZI
Mwezi huu barua nyingi zinahusu misafara ya baiskeli ya kuchangisha fedha. Shangazi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Njombe, na anaishi Makambako.

SWALI
Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi seremala, naishi Ipogolo hapa Iringa. Dada yangu alijifungua mtoto mwenye miguu kifundo, yaani nyayo zimepinda kuelekea ndani. Alianza kupelekwa kliniki akiwa na wiki tatu, akawa anafungwa plasta kila wiki, na leo anatembea, anakimbiza kuku uani. Lakini dada anasema baadhi ya akina mama alioanza nao waliacha njiani kwa sababu ya nauli tu. Jambo hilo limetukaa rohoni. Tumekubaliana kifamilia tuendeshe baiskeli kutoka Iringa hadi Mbeya kwa siku nne, Desemba watoto wakiwa likizo, tuchangishe nauli za akina mama wa tarafa yetu. Tutakuwa mimi, mke wangu, shemeji yangu na watoto wetu watatu, wa miaka 15, 12 na 8. Wenzetu wa jumuiya wameshauri kila mchangiaji aahidi kiasi kwa kila kilomita atakayomaliza mwendeshaji mmoja mmoja, na watoto wawekwe mbele kwa kuwa watu huwachangia haraka. Baba yangu mzazi amekasirika, anasema tunakwenda kuwaua wajukuu zake. Mke wangu hasemi kitu, na akinyamaza hivyo najua ana neno. Je, tunaweza?
Baba wa Watatu, Ipogolo

JIBU
Marahaba mwanangu. Barua yako ilinifikia jioni, nikaisoma, nikaikunja, asubuhi nikaifungua tena kabla ya chai. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hicho unachokusudia nimekifanya, na nilikosea palepale unapoelekea kukosea.

Safari nendeni. Barabara hiyo hapana. Mwezi huo hapana. Na ahadi ya kilomita kwa watoto ifuteni leo, kabla haijaandikwa kwenye daftari la mtu.

Nianze na hilo la mwisho.

Mwaka niliostaafu tulitoka Njombe mjini kwenda Makete kwa baiskeli. Tulikuwa watano: mimi na mume wangu, binti yetu wa mwisho, mtoto wa kaka yangu aliyekuwa fundi wa msafara, na mjukuu wangu wa kiume, miaka 12 kama huyo wako wa kati. Mdogo wangu alitufuata nyuma na pikapu. Ni kama kilomita 107 mpaka Iwawa, makao makuu ya Makete, tukazigawa kwa siku tatu. Tulikuwa tunatafuta sare, madaftari na mablanketi ya watoto wanaolelewa na bibi zao katika kijiji kimoja huko. Kwa nini Makete ina bibi wengi wanaolea wajukuu, watu wa rika langu hawaulizi. Nilikuwa wodini miaka ya 1990, wakati dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa hazijaanza kutolewa bure, jambo lililokuja 2004. Wapo wazazi niliowafumba macho kwa mkono wangu huu. Kwa hiyo safari ile kwangu haikuwa matembezi.

Siku ya kutuaga kanisani, mtu mmoja mzima tunayeheshimiana alisimama akasema, "Huyu kijana nampa shilingi elfu moja kwa kila kilomita atakayomaliza." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Siku ya kwanza mjukuu wangu aliimba njia nzima. Siku ya pili, baada ya Moronga, akanyamaza. Nilidhani ni baridi, maana ilikuwa Juni na upepo wa milima ya Kipengere unaujua, unapenya mpaka kwenye jino. Usiku, kwenye nyumba tuliyofikia, nikamwona anateremka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Nikamwita taa ilipo, nikampandisha suruali. Goti la kulia limevimba, la moto, halikunjiki. Linauma tangu lini? "Tangu jana saa nne, Bibi." Mbona hukusema? Akaangalia chini. "Zimebaki 36, na kila moja ni elfu."

Miaka 34 kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wanaumwa wapi. Wangu mwenyewe nilikuwa nyuma yake siku mbili nzima, nikimtazama mgongoni, sikumuuliza.

Siku ya tatu alipanda pikapu. Tulipofika Iwawa yule mtu akapiga simu, akauliza mtoto kamaliza ngapi, akatuma shilingi 71,000. Simlaumu, alitimiza alichoahidi. Lakini mjukuu wangu alichukua kalamu akapiga hesabu ya mablanketi yaliyokosekana, akaja kuniomba Jumamosi inayofuata tumrudishe pale alipoishia amalizie. Goti bado limefungwa bendeji. Hapo ndipo nilipoelewa tulichomfanyia. Mtu mzima akiahidiwa kwa kilomita anajua pa kuacha. Atasema nimeshindwa, na maisha yanaendelea. Mtoto anaamini kwamba mwenzake atalala na baridi kwa sababu ya goti lake yeye.

Tulipokuwa shule ya msingi tulifundishwa habari za Seti Benjamin, kijana aliyefariki njiani mwaka 1967 akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kuunga mkono Azimio la Arusha. Tulifundishwa kama ushujaa, na ni ushujaa. Lakini siku hizi nikimkumbuka namuwaza mama yake.

Sasa, wachangiaji mtawaambia nini? Waambieni habari yenyewe ya miguu kifundo, maana ina hesabu yake tayari. Plasta hubadilishwa kila wiki, mara nyingi tano mpaka saba au nane. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo, wakafungwa plasta ya mwisho ya wiki tatu. Baada ya hapo kuna vile viatu vilivyounganishwa na kipande cha chuma, vya kuvaa usiku na mchana kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala mpaka mtoto afikishe miaka minne hivi. Dada yako atakuambia: watu wengi wanadhani plasta zikiisha kazi imeisha. Hapana. Mguu unarudi kupinda kwa watoto walioacha viatu, na mama asiye na nauli ya kwenda kuongezewa saizi ya kiatu ataacha tu. Kwa hiyo mtoto mmoja ana safari zaidi ya kumi za kliniki, na nyingine ni za miaka ijayo. Fedha yenu msiimalize yote kwenye plasta.

Basi kadi zenu za michango ziandikwe safari za mama. Nendeni stendi, ulizeni nauli ya sasa kutoka kila kijiji cha tarafa yenu mpaka kliniki, kwenda na kurudi, muiandike kwenye kadi. Mchangiaji achague: nachangia safari moja, nachangia safari tatu, nachangia mtoto mmoja mpaka mwisho. Alipe kabla tairi halijazunguka. Mkiondoka Jumatatu asubuhi fedha yote iko benki, na mwanao akisema nimechoka saa tano, hakuna mama hata mmoja anayekosa basi. Naomba hili ulisome mara mbili.

Akaunti iwe ya kikundi, watia saini watatu, mmoja awe mmoja wa hao akina mama. Mafuta ya gari, malazi na chakula vitoke mfukoni kwenu, visiguse mchango hata shilingi. Nauli zisigawiwe kwa mkupuo. Kubalianeni na wahudumu wa kliniki mama alipwe anapofika, safari kwa safari. Mkirudi bandikeni hesabu pale mlipoombea. Na watoto wenye plasta msiwapige picha za kuombea fedha. Mtoto anakua, picha inabaki mikononi mwa watu.

Vibali vifuatilieni mapema. Kuchangisha watu walio nje ya ukoo wenu kunahitaji ruhusa. Anzieni ofisi ya kata, watawaelekeza wilayani. Polisi nao wanataka taarifa ya msafara, na sheria inataja angalau saa 48 kabla. Ninyi pelekeni wiki mbili kabla, wawape na ushauri wa njia.

Nije kwenye njia. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na kwa siku nne ni zaidi ya 75 kila siku. Wapo watu wanaomaliza zaidi ya hapo. Kila mwaka msafara wa Twende Butiama unatoka Dar es Salaam mpaka kwa Mwalimu, lakini hao ni watu wazima waliojiandaa. Mtoto wa miaka 12 apewe 25 mpaka 35, na siku nyingine zimtoshe 20. Halafu hiyo ndiyo barabara ya malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo. Lori lenye tela likikupita kwa kasi, upepo wake unamsukuma mtoto kisha unamvuta ndani. Tena ukishateremka mpaka Igawa na Chimala, unaanza kupanda upya kwenda Uyole ukiwa umechoka, na mteremko wa Inyala uko mbele yako. Nimepokea majeruhi wa barabara hiyo usiku mwingi. Msiwapeleke watoto huko.

Desemba nayo ni mvua. Ni ukungu, radi, na rimu zilizolowa ambazo breki hazizishiki. Ngojeni likizo ya Juni. Kuna baridi, ndiyo, lakini baridi ina koti. Ila Juni msiondoke alfajiri. Huku kwetu ukungu huchelewa kuinuka, na dereva hakuoni hata ukivaa kizibao cha riflekta. Kunyweni uji taratibu, mwondoke saa tatu, saa tisa muwe mmefika.

Kama mnataka siku nne zenu, pakieni baiskeli kwenye gari mje Njombe, mkafanye hiyo njia ya Makete. Kilomita 107 kwa siku nne ni kama 27 kila siku. Tangu iwekwe lami inapitika vizuri, na malori si kama ya barabara kuu. Milima ipo, siwadanganyi. Milima mingine mtashuka mkokote, na kukokota baiskeli si aibu, sisi huku tunakokota magunia ya viazi kila siku. Mkisimama kijijini watu watawauliza mnakwenda wapi na kwa nini. Waambieni. Huenda kijiji hicho kina mtoto mwenye miguu kifundo ambaye wazazi wake waliambiwa hatatembea maisha. Siku yetu ya pili mama mmoja alituacha tunakunywa chai, akaingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni wa miezi minne. Nilimwandikia mahali pa kwenda kwenye kipande cha boksi la sabuni. Kwangu hicho kilizidi mablanketi yote.

Huyu wa miaka 8 mwachieni gari. Kila siku kilomita tatu au tano za mwisho ashushwe na baiskeli yake ndogo, awe mbele, ninyi nyuma yake, muingie kijijini yeye akiwa kiongozi. Msimbebe kwenye karia. Wauguzi wote wanajua jeraha la mguu ulioingia kwenye spoku. Linakula nyama ya kisigino mpaka mfupa, na kupona kwake ni miezi. Wewe unachangishia miguu ya watoto, usiharibu wa mwanao.

Siti zipimeni mmoja mmoja, hata kama baiskeli ni za kuazima. Mtoto akae, aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Siti ikiwa chini sana goti linauma kwa mbele, na hilo ndilo lililompata mjukuu wangu. Tulikuwa tumeishusha ili afikishe miguu chini akisimama. Ikiwa juu sana maumivu yanakuja nyuma ya goti. Fundi anarekebisha kwa spana moja, dakika mbili. Dakika mbili hizo sisi hatukuzitoa.

Mazoezi anzeni miezi mitatu kabla. Kwenda sokoni, kwenda shambani, Jumamosi mwende mbali kidogo. Lakini kabla ya safari mfanye mara mbili mazoezi ya siku mbili mfululizo, Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Siku ya kwanza kila mtu ni hodari. Ya pili ndiyo inayoonyesha makalio ya nani yamechubuka na goti la nani lina joto. Mafuta ya mgando mapajani, suruali isiyo na mshono mnene katikati, jinzi muache nyumbani.

Njiani ndizi, viazi vya kuchemsha, karanga na maparachichi vinatosha. Togwa nzuri. Ulanzi, pombe ya mianzi, hapana, hata huyo shemeji, mpaka mkifika. Atakayeharisha mpeni mchanganyiko: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Baridi inafanya mtu asahau kunywa maji, kwa hiyo kunyweni kwa saa, si kwa kiu.

Sasa baba yako. Mwanangu, mzee ana hoja, na hasira yake ni woga. Usibishane naye. Mwambie, "Baba, tunakuomba ukae kwenye gari la nyuma, na kengele uwe nayo wewe. Ukiigonga tunasimama, hata kama ni kila kilomita." Halafu itii kweli. Wazee wetu hawakatai safari ambayo wamepewa mamlaka ya kuisimamisha. Watoto nao wawe na ishara yao: mkono wa kushoto juu, maana yake naingia garini. Hakuna kuulizwa kwa nini, hakuna pole za kupitiliza, hakuna jitahidi kidogo. Maswali mpaka jioni baada ya chai. Na wewe baba ndiye uwe wa kwanza kuinua mkono huo, siku ya kwanza, hata kama hujachoka, ukae garini kilomita mbili. Wakikuona wewe, wao wataweza.

Mkeo muulize mkiwa wawili tu, shemeji hayupo, watoto wamelala. Ukishauliza, nyamaza.

SWALI
Shangazi shikamoo. Naishi Tukuyu, nimeolewa mwaka jana. Ukoo wa mume wangu unaandaa safari ya baiskeli ya siku tatu kutoka Uyole mpaka Matema kuchangia kisima cha shule ya kijijini kwao. Natamani kwenda, nimeendesha tangu utoto, lakini mama mkwe anasema mwanamke aliyeolewa hapandi baiskeli mbele ya wakwe. Nivae nini, na nimwambieje?
Mkamwana, Tukuyu

JIBU
Marahaba mwali wangu. Usimwambie wewe. Mume wako ndiye mtoto wake, na yeye ndiye aende, apige goti amwombe, aseme, "Mama, kisima hiki ni cha maji ambayo wanawake ndio wanaoyabeba, naomba mke wangu awepo." Ukienda wewe itakuwa mashindano. Akienda yeye itakuwa ombi, na Mnyakyusa akiombwa kwa heshima ana mahali pa kuweka heshima hiyo. Akikubali, mpelekee shukrani yako mwenyewe, ndaga fijo ya kutoka moyoni na kilo ya sukari. Na mwombe awapokee Matema na chakula. Asiwe mtu aliyeshindwa, awe mwenyeji wa safari.

Mavazi: suruali pana kidogo ndani, gauni au sketi ya marinda inayofika chini ya magoti juu yake, lastiki kwenye kifundo cha mguu wa kulia upande wa mnyororo. Kanga usiifunge kiunoni ukiwa unaendesha. Nimeona kanga ikiingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma, na aliyekuwa ameivaa alivunjika mfupa wa bega. Kanga iwe kwenye begi, ukishuka unajifunga kabla ya kusalimia. Tulifanya hivyo kila kijiji na hakuna mzee aliyetukunjia uso. Chukua na chandarua, Kyela na Matema kuna mbu wa malaria kuliko huko mlimani kwenu. Ukiwa kwenye siku zako, usione haya kumwambia mwanamke mwenzako mmoja ili gari lisimame pale unapohitaji.

SWALI
Shangazi, hiyo njia ya Uyole hadi Kyela na mimi nataka kwenda na wanangu wawili wakubwa. Nina Phoenix ya breki za vyuma na wao wana baiskeli za gia za mtumba kutoka Japani. Zitafaa?
Fundi Pancha, Mafinga

JIBU
Kupanda, za gia zitakushinda, utazikuta juu zinakusubiri. Kushuka ndiko kuliko na neno. Kutoka kule juu Isyonje mpaka Kyela unateremka zaidi ya mita 1,500, na breki ikishikwa mfululizo inachemsha rimu, mpira unalainika, tyubu inaweza kupasuka. Msizishike moja kwa moja. Bana, achia, bana, achia, ya nyuma na ya mbele kwa pamoja, na msimame kila baada ya dakika kumi mguse rimu kwa mgongo wa kidole. Ikichoma, kaeni mnunue ndizi. Mkifika Kiwira soko lipo hapohapo. Mipira yote ya breki badilisheni kabla ya safari hata kama inaonekana mizima. Wewe ni fundi, unajua kwamba breki za vyuma mvua ikinyesha ni kama hazipo, na Tukuyu mvua haiombi ruhusa hata Juni. Ikinyesha, shuka, kokota. Watoto wakikupita, wapite. Mkubaliane mapema pa kukutana, na wewe usiwakimbize.

SWALI
Shikamoo Shangazi. Mimi nina miaka 11, nasoma Njombe. Baba na Mama wanasema tutaendesha baiskeli siku tatu kuwachangia watoto wenye ulemavu wa macho. Nataka kwenda lakini naogopa nikichoka watanicheka, na wale watoto hawatapata fedha. Nisaidie.
Mwanafunzi

JIBU
Marahaba mjukuu wangu. Barua hii nimewaomba wahariri waiweke mwisho, wakubwa wakishachoka kusoma, ili wewe uione haraka.

Fedha za wale watoto hazitoki miguuni mwako. Nimemwandikia baba mmoja hapo juu namna ya kuzipata kabla ya safari. Mwonyeshe Baba na Mama ukurasa huu, waambie Shangazi amesema wausome wote.

Nina mjukuu aliyekuwa mkubwa kwako kwa mwaka mmoja tu alipoumia goti njiani. Siku ile ya mwisho alikaa mbele kwenye pikapu, mguu kwenye mto. Yeye ndiye aliyekuwa akituona tunavyopanda, akamwambia mdogo wangu asimame kabla Babu hajaomba maji, kwa kuwa alishajua Babu akianza kuendesha akiwa ameinamisha kichwa amechoka. Alitumiminia chai kutoka kwenye chupa. Tulipofika Iwawa, yeye ndiye aliyeshika daftari la majina, akawa anaita, na kila mtoto aliyeitwa alikuja kuchukua blanketi mkononi mwake.

Ukichoka, inua mkono wa kushoto, panda gari, funga mlango. Atakayekucheka niandikie.